Kisanduku Kisicho na Jina

Pale jengoni kila mtu alimwita Bi Visanduku, na jina hilo alijitakia mwenyewe. Ukimuuliza anafanya kazi gani, hakukujibu kwa neno moja kama watu wengine. Alikukalisha. Alikuvutia kiti mbele ya kompyuta yake, akakufungulia ukurasa wowote aliokuwa akiushughulikia siku hiyo, akakwambia, "Unaona hiyo picha? Hiyo si picha. Ni kisanduku kilichobeba picha. Nacho kimo ndani ya kisanduku kingine, na hicho kingine kimo ndani ya kikubwa zaidi. Tovuti nzima ni visanduku ndani ya visanduku." Fundi cherehani wa ghorofa ya chini alipanda siku moja kuazima chaja ya simu, akapewa somo hilo mpaka akaisahau chaja, akashuka akitangaza kwamba kule juu kuna mama mmoja wa visanduku. Jina likaganda.

Kazi yake ya kwanza ilikuwa kupanga kurasa za gazeti. Alijua kubana habari ndefu kwenye nafasi fupi, alijua picha ya waziri iangalie ndani ya ukurasa na si nje, na alikuwa na ulimi mkali kwa waandishi waliochelewa. Gazeti lilipofungwa, wenzake wengi walikwenda kufuga kuku. Yeye alikaa chini, mtu mzima na miwani yake, akajifunza kutengeneza tovuti kwa kubahatisha na kuharibu. Alichokipenda kuliko vyote katika ufundi huo mpya kilikuwa kile kisehemu chembamba upande wa kushoto wa skrini, ambacho mafundi wengi hukifunga ili wapate nafasi. Yeye alikiita mti.

Ni mti uliopinduka, shina juu na matawi chini. Juu kabisa pameandikwa mwili, maana ukurasa wote ni mwili mmoja. Chini ya mwili zinafuata sehemu zake, kila moja na kijimshale pembeni. Ukikibofya, tawi linafunguka na watoto wanatokea, ukiendelea unawakuta wajukuu, vitukuu, mpaka unafika kwenye neno moja dogo kama "Nunua". Pembeni ya kila jina kuna alama ya jicho. Jicho likiwa wazi, kisanduku kinaonekana kwenye ukurasa. Ukilifumba, kisanduku kinatoweka machoni pa watu pamoja na kizazi chake chote, lakini kwenye mti jina lake linabaki, limefifia kidogo. Mti hausahau mtu. Na lugha yenyewe ya ufundi ule ni ya ukoo mtupu: mzazi, mtoto, ndugu. Bi Visanduku alipenda kusema kwamba huko mambo ni safi kuliko nyumbani, maana kila mtoto ana mzazi mmoja tu na hakuna kesi za matunzo.

Alikuwa na sheria zake, na alizisimamia kama mwalimu wa zamu. Ya kwanza, usidandie kitu kwa kukibofya kwenye ukurasa. Anza kwenye mwili ushuke tawi kwa tawi, maana mtoto akiinama, mara nyingi aliyepinda ni mzazi. Ya pili, kila kisanduku kiwe na jina linalosema kazi yake. Programu yenyewe huvipa visanduku vipya namba tu, na mafundi wavivu huviacha hivyo hivyo, ukifungua kazi zao unakutana na umati wa watu wasiojulikana. Kwake haikuwa hivyo. Kwake kulikuwa na mbeba-bei, safu-ya-picha, kofia-ya-ukurasa. Kisanduku kisicho na jina alikiita mgeni asiyepiga hodi.

Mwanafunzi wake wa sheria hizo alikuwa mmoja, na alikuwa wa damu yake. Mdogo wake Bi Visanduku alimleta binti yake kukaa likizo moja, akasafiri kutafuta kazi, na likizo hiyo haijaisha mpaka leo. Mtoto alikuwa na doa jeusi shavuni, kwa hiyo aliitwa Kidoti. Alilelewa pale, akasomeshwa pale, akapatia malaria zake na mitihani yake pale, na alipomaliza shule akakosa la kufanya, mamkubwa wake alimvutia kiti mbele ya kompyuta kama alivyomvutia fundi cherehani. Tofauti ni kwamba Kidoti hakuondoka.

Alikuwa na kipaji, tuseme ukweli. Baada ya muda mfupi alikuwa anashuka na kupanda mti ule kwa vitufe vya mishale tu, bila kugusa kipanya, vidole vikienda vyenyewe huku anazungumza habari nyingine. Bi Visanduku alikuwa akisimama nyuma yake akimtazama, na moyo wake ulijaa. Hakuwa na mtoto wa kumzaa. Alipokuwa anaambiwa, "Huyu mwanao anajua kazi," hakusahihisha.

Mtu wa tatu pale ofisini alikuwa mshirika wake, bwana mmoja nadhifu, viatu vinang'aa, marashi yanatangulia mlangoni. Bi Visanduku alimpachika jina la Msemaji. Mapatano yao yalikuwa rahisi: Msemaji atafute wateja na kuzungumza nao, Bi Visanduku afanye kazi. Mapatano ya namna hii yana hatari yake, na hatari yenyewe ni kwamba anayezungumza ndiye anayeonekana. Miaka ikapita, wateja wakawa wanasema "tovuti ya yule bwana". Bi Visanduku alijua. Alikasirika, akanyamaza, akakasirika tena. Alijiambia kazi nzuri itajisema yenyewe, jambo ambalo kazi nzuri haijawahi kulifanya tangu dunia iumbwe.

Kisha ikaja kazi ya kiwanda cha magodoro.

Mwenye kiwanda alikuwa mama mmoja mzito wa mwili na mwepesi wa maneno, miwani yake ikining'inia kifuani kwa kamba. Popote alipotaka kukaa, kwanza alikibonyeza kiti kwa kiganja kupima sponji, ndipo aketi. Alisikiliza maelezo ya Msemaji kwenye simu mpaka mwisho, halafu akasema, "Nimekusikia. Lakini nina maduka matano na kila duka linataka tovuti yake. Siku mkinionyesha hii ya kwanza, nataka nimjue aliyeitengeneza kwa mkono wake. Huyo ndiye nitakayeshika naye kazi zote zinazokuja, moja kwa moja." Simu ilikuwa imewekwa sauti ya juu, na wote watatu walikuwapo wanasikia. Msemaji alicheka akasema hakuna shida. Jioni hiyo Bi Visanduku alitembea kwenda nyumbani badala ya kupanda gari, kwa furaha tu. Kwa mara ya kwanza angekaa mezani mbele ya mteja, na angesema kwa kinywa chake: hii kazi ni yangu.

Aliitengeneza kwa mapenzi ambayo magodoro huenda hayajawahi kupewa. Alimpa Kidoti sehemu ya miguu ya ukurasa, pale chini wanapoweka anwani na namba za simu, aishughulikie peke yake. Hakumkagua. Unamkaguaje mtu uliyemfundisha kushika kijiko?

Siku moja kabla ya kumwonyesha mteja, asubuhi, aliwahi ofisini. Alifungua madirisha, akaweka birika, akaangalia tovuti kwenye simu yake. Ikawa inateleza. Ukiisukuma kwa kidole, ukurasa unakwenda pembeni kidogo na kuonyesha ukanda mweupe mwembamba upande wa kulia, halafu unarudi. Ni ugonjwa unaojulikana: mahali fulani mtoto mmoja amekuwa mpana kuliko mzazi wake, anachungulia nje. Shida ni kumpata, maana jicho la kawaida halimwoni.

Bi Visanduku alikuwa na njia yake ya kumtafuta, ya kizamani lakini haikosei. Anaanza juu ya mti, analifumba jicho la sehemu ya kwanza, anatazama kama ukurasa umetulia. Haujatulia, anafumbua, anashuka kwa inayofuata. Fumba, tazama, fumbua. Kofia ya ukurasa haikuwa na kosa. Maneno ya kukaribisha hayakuwa na kosa. Alipofumba safu ya picha, ukurasa ukatulia tuli. Akaingia ndani ya safu, akamkuta mhalifu: picha ya godoro kubwa la watu wawili, imepewa upana wa kudumu na mtu aliyekuwa na haraka. Akairekebisha. Kazi ingeweza kuishia hapo.

Lakini alikuwa mtu wa kumaliza. Birika halijachemka, akaona heri ashuke mpaka chini ahakikishe hakuna mwingine. Fumba, tazama, fumbua. Akapita ushuhuda wa wateja, akapita ramani ya maduka, akafika miguu ya ukurasa. Na chini ya miguu, ambako hapakutakiwa kuwa na kitu, palikuwa na kisanduku kimoja. Hakikuwa na jina, namba tu. Na alipotaka kulifumba jicho lake, akakuta limekwisha kufumbwa.

Mgeni asiyepiga hodi, alijisemea, na hakufikiria ubaya. Alidhani ni takataka, jaribio lililosahauliwa. Akalifumbua jicho ili aone ni nini kabla hajakitupa.

Ukurasa mwingine mzima ulijifungua chini ya magodoro. Vitufe vilikuwa vile vile alivyovichora yeye, kona zake za mviringo, rangi yake ya samawati aliyoitafuta wiki nzima. Juu palikuwa na jina la ofisi asiyoijua. Chini ya jina, maneno: "Tunatengeneza tovuti zinazozungumza." Zikafuata picha za kazi zilizokwisha kufanyika, na kila moja aliitambua kama mtu anavyotambua nguo zake kwenye kamba ya jirani. Ya shule, ya hospitali ya macho, ya wauza vigae. Zote za mkono wake. Na mwisho, chini ya kichwa "Waanzilishi", kadi mbili. Ya kwanza, Msemaji akitabasamu. Ya pili, Kidoti, na chini yake: Mwanzilishi Mwenza na Mkuu wa Ubunifu.

Alitabasamu. Hilo ndilo linalonitia uchungu kila nikilifikiria: mama wa watu alitabasamu kwanza. Alidhani wanamwandalia jambo la kumshtua, ofisi mpya yenye jina jipya, na kwamba kadi yake ipo, haijamaliziwa tu. Akarudi kwenye mti kuitafuta. Akafungua tawi, akafungua tawi ndani ya tawi, akafika kwenye safu ya kadi. Kwenye ukurasa zilionekana mbili. Kwenye mti zilikuwa tatu. Ya tatu jicho lake lilikuwa limefumbwa.

Akalifumbua. Picha yake ikatokea, ile aliyopigwa siku Kidoti alipomaliza shule, imekatwa ili Kidoti asionekane, limebaki bega lake tu pembeni. Chini yake neno moja: Mshauri.

Kwa hiyo alikuwa amewekwa. Kisha mtu fulani akakaa, akafikiri, akamfumba. Ndani ya kitu kilichofichwa, naye akafichwa tena humo humo.

Maji yalichemka, birika likajizima. Bi Visanduku alikaa akiutazama mti, na akili yake ikafanya jambo ambalo moyo ulikuwa unaikataza. Alitamani aliyefumba awe Msemaji. Alimtaka Msemaji kwa nguvu zote, kama mtu anavyomtaka mwizi awe mpita njia. Ila Msemaji hakujua mti. Huyo bwana alibofya kwenye ukurasa kama anayeua mbu, na mara ya mwisho alipojaribu kurekebisha neno moja aliondoka na kofia nzima ya ukurasa. Kuifikia kadi ile ilibidi utoke kwenye mwili, uingie kwenye kisanduku kisicho na jina, ushuke kwenye sehemu, upite safu, uchague mtoto wa tatu bila kuwagusa ndugu zake, ufumbe jicho lake peke yake. Hapo ofisini watu waliojua kutembea hivyo walikuwa wawili. Mmoja ni yeye.

Akaelewa pia kwa nini kisanduku kile kimejengwa humu, katika kazi ya magodoro. Kazi mpya ukiianzisha, picha yake inajitokeza kwenye ukurasa wa mbele wa akaunti ya ofisi, na ukurasa huo Bi Visanduku huufungua kila asubuhi. Ndani ya kazi iliyokwisha kuanzishwa, chini ya miguu, nani angetazama? Watu husema kikulacho ki nguoni mwako. Hawaongezi kwamba nguo yenyewe uliishona wewe, na mfuko uliutia wewe.

Kidoti aliingia na mkate kwapani, akasalimia.

"Shikamoo Mamkubwa. Mbona hukunisubiri leo?"

"Marahaba. Weka mkate. Njoo ukae."

Bi Visanduku aliinuka akampa kiti chake. Hakumwonyesha kitu. Kidoti aliitazama skrini, na vidole vyake, vilivyokuwa vimeshafika kwenye vitufe kwa mazoea, vikarudi mapajani.

"Hiyo ni rasimu tu, Mamkubwa."

"Rasimu ya nini?"

"Wazo la Msemaji. Hata sijui kama litafika mahali."

"Msemaji hajui hata kufungua tawi. Mimi sijakuuliza wazo la nani. Nakuuliza nani alifumba hili jicho."

Chini cherehani ilianza kugonga, ikasimama, ikaanza tena.

"Ni mimi," alisema.

"Kwa nini?"

"Alisema wateja siku hizi wanataka sura changa. Nikamwambia bila wewe sifanyi, nikakuweka. Akasema basi uandikwe mshauri. Nikaandika. Halafu akasema watu watauliza, huyu mama anashauri nini." Alijifuta pua kwa kiganja. "Lakini sikukufuta, Mamkubwa. Angalia, kila kitu chako kipo. Nilikuficha tu. Ukificha, kitu kinabaki palepale."

"Kinabaki kwa nani?"

Kidoti akaitazama ile kadi ya tatu.

Iliuma. Tusizunguke, iliuma sana. Msemaji alikuwa mtu wa njiani, na mtu wa njiani akikugeuka unamtukana unaendelea na safari. Huyu alikuwa mtoto aliyemfunga mgongoni mwake. Kama angemwibia hela kwenye mkoba angemwelewa, kijana ana tamaa. Lakini alikuwa amechukua kile kile alichopewa kwa upendo, kushuka taratibu, kujua nani yumo ndani ya nani, akakitumia kumfikia yeye mwenyewe na kumzima kwa kidole kimoja. Asante ya punda, wazee walisema, ni mateke. Walisahau kwamba punda hakuiti Mamkubwa wakati anakupiga.

"Ungeniambia," alisema Bi Visanduku. "Ungeniambia tu, Mamkubwa nataka kwenda kwangu. Ningekufungashia."

"Niliogopa."

"Uliniogopa mimi?"

Hapo binti akalia, na alilia vizuri, mabega yakitikisika, kama alivyolia akiwa mdogo akivunja kikombe. Bi Visanduku akalainika. Mchelea mwana kulia hulia yeye, methali hiyo ameisikia tangu utoto na huenda hata ameifundisha, lakini kuijua methali ni jambo moja na kumwona mtoto wako analia ni jambo lingine. Mimi ningekuwapo ningemshika mkono. Ningemwambia ampigie simu mama wa magodoro saa ile ile. Yeye alivuta kiti akaketi kando ya Kidoti, akamsukumia kikombe cha chai.

"Nisikilize. Ofisi yenu nendeni mkaijenge, sitawazuia. Naomba kitu kimoja. Kesho yule mama atauliza nani ametengeneza. Sitaki kujitaja mwenyewe, nitaonekana nagombana na watoto. Nataka nitajwe na wewe. Useme tu ukweli, basi, mengine yote nimekusamehe."

"Nitasema."

"Kweli?"

"Wallahi Mamkubwa, nitasema. Haki ya Mungu."

Na hapo hapo, bila kuambiwa, Kidoti alikichagua kile kisanduku kisicho na jina akakifuta, na kizazi chake chote kikaenda nacho. Bi Visanduku aliona hiyo ni ishara njema. Hakukumbuka, au hakutaka kukumbuka, kwamba kinachofutwa mahali pamoja huenda kilishanakiliwa mahali pengine. Usiku huo walikula pamoja kama kawaida. Kidoti aliosha vyombo bila kukumbushwa.

Chumba cha mikutano kilikuwa ghorofa ya juu, cha kukodi, na meza yake ndefu ilikuwa na alama za vikombe vya watu wengine. Msemaji alifika mapema na suti ya kijivu. Kidoti alikaa upande mmoja na kompyuta mbele yake. Bi Visanduku alivaa gauni lake la sherehe, la zambarau, akakaa upande wa pili wa Kidoti, akaweka mikono mezani kisha akaiondoa. Alikuwa na wasiwasi kama bibi harusi. Mama wa magodoro aliingia, akakibonyeza kiti kwa kiganja, akakunja uso, akaketi.

Kazi ilionyeshwa. Msemaji alisema maneno mengi, na safari hii hata maneno yake hayakuiharibu. Mama wa magodoro alitoa simu yake mwenyewe, akaifungua tovuti, akaisukuma huku na huku kwa kidole kinene. Haikuteleza. Alibofya godoro, bei ikatokea mahali pake. Alirudi nyuma, akabofya lingine. Akavaa miwani, akasoma mpaka chini kabisa, kwenye anwani, akavua miwani.

"Hii ni nzuri," alisema. "Kwa hii hata mama yangu angeweza kununua godoro. Sasa niambieni. Nani ametengeneza?"

"Sisi kama timu," alianza Msemaji.

"Wewe sijakuuliza. Wewe unaongea, nimeshakusikia. Nauliza mkono."

Bi Visanduku angeweza kujibu. Jibu lilikuwa limekaa kinywani mwake miaka mingi, fupi na tayari. Lakini alikuwa amempa mtoto nafasi ya kulisema, na alitaka kumwachia nafasi hiyo mpaka mwisho, hata iwe nyembamba namna gani. Akaitazama meza. Kando yake alimsikia Kidoti akivuta pumzi.

Kidoti alimtazama Msemaji. Kisha akaitazama skrini, ambako mti ulikuwa wazi na majina yote yalisomeka, kofia-ya-ukurasa, safu-ya-picha, mbeba-bei.

"Ni mimi," alisema.

"Wewe? Peke yako?"

"Peke yangu."

"Mtoto mdogo hivi," mama wa magodoro alisema, na uso wake wote ukafunguka kwa furaha. "Maduka yangu matano nakupa wewe. Na huyu mama?"

Bi Visanduku aliinua macho. Hata wakati huo, bado alikuwa anangoja. Neno moja tu lingetosha, hata lile la mshauri angelipokea.

"Huyu ni mamkubwa wangu," alisema Kidoti. Sauti yake ilikuwa ya upole, ya heshima, ya mtoto aliyelelewa vizuri. "Amenisindikiza."

Ikawa zamu ya Bi Visanduku kusema. Palikuwa na watu wanne chumbani, na watatu kati yao walijua ukweli. Angefungua kinywa tu, Kidoti angekuwa mwongo mbele ya mgeni, mwongo wa kuapa, na angebaki hivyo mahali popote mama huyu atakapopeleka habari. Alimtazama. Doa la shavuni lilikuwa linacheza kidogo, kama linavyocheza tangu utotoni akiwa anaogopa kupigwa. Hakuwahi kumpiga hata siku moja.

Mama wa magodoro alikuwa ameshanyoosha mkono juu ya meza. Aliushika mkono wa Bi Visanduku kwa viganja viwili, akautikisa kwa dhati.

"Hongera, mama. Umelea."

"Ahsante," alisema Bi Visanduku, na mkono wake ukiwa bado umeshikwa, alimsikia Kidoti akianza kutaja namba yake ya simu.